Valium na ndugu zake: maswali tunayoulizwa sana kuhusu dawa za kutuliza wasiwasi

Nafanya kazi dirisha la dawa hapa Mbeya, na maswali haya nayasikia karibu kila wiki, mengine yanaletwa na watu waliotoka Tukuyu au Mbozi, mengine yanapigwa kwa simu toka Makambako, Mafinga mpaka Iringa mjini. Nimeyajibu hapa hivohivo ninavyoyajibu kwa mdomo. Ila kabla hujaendelea, kama sasa hivi unameza hizi dawa kila siku na umezimeza kwa wiki kadhaa, tafadhali usizitupe leo kwa sababu ya kitu utakachosoma hapa. Nenda kwanza kwenye swali la kuacha, lipo huko katikati, lisome mpaka mwisho.

Dokta, hizi dawa za kutuliza ni zipi hasa?

Tunaongelea kundi linaitwa benzodiazepini. Inayojulikana zaidi huku kwetu ni diazepamu, ambayo wengi mnaiita Valium hata kama boksi limeandikwa jina lingine kabisa. Zipo pia lorazepamu, klonazepamu, bromazepamu, alprazolamu (ndo hiyo Xanax mnayoisikia kwenye muvi), na midazolamu ambayo utaikuta zaidi chumba cha upasuaji. Geuza stripu yako upande wa foili usome yale maandishi madogo, jina la dawa likiishia na zepam au zolam basi ujue upo kwenye kundi hili na haya majibu yanakuhusu.

Largactil na haloperidoli sio za kundi hili. Amitriptilini pia sio. Na Piriton ni dawa ya aleji, ile kukuletea usingizi haifanyi iwe dawa ya wasiwasi.

Zinafanyaje kazi mpaka mtu anatulia ndani ya nusu saa?

Ubongo una breki yake ya asili, kemikali inaitwa GABA, kazi yake kupunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Benzodiazepini inaongezea hiyo breki nguvu. Ndo maana dawa moja inatuliza roho, inaleta usingizi, inalegeza misuli na inazuia degedege, vyote kwa pamoja, na ndo maana pia madhara yake mengi ni hayohayo mazuri yaliyopitiliza.

Zimegunduliwa na mwanakemia Leo Sternbach akiwa kampuni ya Roche huko Marekani. Ya kwanza, Librium, iliingia sokoni 1960, Valium ikafuata 1963. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapewa dawa za jamii ya fenobabitoni, ambazo ukizidisha kidogo tu pumzi inakata, kwahiyo Valium ilivyokuja madaktari waliona wamepata dawa salama na wakaiandika kweli kweli. Ikachukua miaka mingi dunia kukubali kwamba usalama wake una masharti. Mwaka 1984 dawa nyingi za kundi hili zikawekwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, na 1988 Uingereza ikawaambia madaktari wake waziandike kwa wiki 2 mpaka 4 tu, na kwa wasiwasi uliomzidi mtu kweli.

Sasa nijibu moja kwa moja, ni salama au sio salama?

Kwa mtu mzima asiye na tatizo la pumzi wala ini, akipewa kwa kipimo sahihi, kwa siku chache, bila pombe na bila dawa nyingine ya usingizi, ni salama na inasaidia sana. Mtoto mwenye degedege hospitalini inamwokoa maisha. Mtu anayetetemeka kwa kuacha pombe ghafla, hiyohiyo ndo dawa yake. Diazepamu ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na inastahili kuwepo.

Hatari ninayoiona mimi inatoka sehemu mbili, nazo nitazirudia humu mpaka uchoke: kuchanganya na vitu vingine, na kukaa nayo muda mrefu alafu kuiacha ghafla. Ndo maana siku ileile unayoandikiwa, kabla hujatoka mlangoni kwa daktari, muulize hivi: "naacha lini, na naachaje?" Akikujibu vizuri, hapo umepata tiba kamili. Asipokujibu, uliza tena, ni haki yako wala sio ubishi.

Madhara ya kawaida ni yapi?

Kusinzia, hilo namba moja. Uchovu, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, kuyumba wakati wa kutembea, ulimi kuwa mzito, kuona ukungu, akili kuwa taratibu. Wengine kinywa kinakauka, wengine hamu ya tendo la ndoa inashuka na wanaona aibu kusema, semeni tu tumeshasikia sana.

Linalowashtua watu ni kusahau. Unameza, unaongea na watu vizuri, unapokea simu, hata unatuma pesa, kesho yake hukumbuki kitu. Hujarogwa, ni dawa inazuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya za saa zile. Kwahiyo usimeze alafu ukasaini mkataba wa kiwanja, nasema kabisa bila utani.

Alafu kuna jambo la muda. Diazepamu inachukua saa 20 mpaka 50 hivi kupungua nusu tu mwilini, na mabaki yake ambayo nayo yana nguvu yanaweza kuchukua mpaka saa 100 kupungua nusu. Maana yake ukimeza kila usiku, ya jana inakutana na ya juzi, inajazana. Unakuta mtu wiki ya kwanza alikuwa poa, wiki ya pili anatembea kama kalewa na hajaongeza hata nusu kidonge.

Naendesha lori Dar mpaka Tunduma, naweza kutumia?

Usiendeshe, kaka. Ukianza hii dawa, kaa pembeni na usukani mpaka daktari aliyekuandikia aseme. Kushuka mlima Kitonga na gari lenye mzigo kunataka mtu ambaye mguu wake unajibu sekunde ileile, na benzodiazepini inachelewesha hilo jibu hata pale ambapo wewe mwenyewe unajiona upo macho kabisa. Hapo ndo pabaya, kwamba aliyepunguzwa umakini ni yuleyule anayejipima kama ana umakini. Na uliyomeza usiku bado ipo asubuhi.

Hili ni la bodaboda na bajaji pia. Na vijana wa mashine za mbao kule Mafinga, ule msumeno haujui kama umelala vizuri au umemeza kidonge, mwambie daktari wazi kwamba kazi yangu ni kusukuma gogo kwenye msumeno, atakupangia kitu kingine au atakuandikia mapumziko. Wengi wanaficha kazi yao wakidhani haihusiani na ugonjwa, na kumbe ndo kitu cha kwanza sisi tunataka kujua.

Ulanzi kidogo tu, glasi moja, nayo ina shida?

Ina shida. Najua msimu wa mvua ukifika Iringa na Njombe ulanzi, hiyo pombe ya mianzi, upo kila mahali, na kwa wengine ni kama maji ya nyumbani, na ukiwa mbichi asubuhi ni mtamu kama juisi. Lakini ulanzi unaendelea kuchacha ndani ya kibuyu, wa jioni sio wa asubuhi, kwahiyo hata wewe mwenyewe hujui umekunywa pombe kiasi gani. Komoni, ile pombe ya nafaka, vilevile, hakuna anayekupimia asilimia.

Pombe inakanyaga breki ileile ninayosema hapo juu. Ukiweka zote mbili usingizi unakuwa mzito kupita kiasi, pumzi inakuwa fupi na ya taratibu, mtu anatapika akiwa amelala na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Huku kwetu na baridi ya mwezi wa sita wa saba, mtu akizima njiani kati ya kilabuni na nyumbani, baridi peke yake inaweza kummaliza. Kama unajua huwezi kukaa bila pombe siku zote za dawa, mwambie daktari mapema, wala hatakufukuza. Na kama ni mnywaji wa kila siku usiikate pombe ghafla mwenyewe nyumbani, nayo ina degedege lake.

Pombe sio peke yake. Tramado, dawa za kikohozi zenye kodeini, mofini, hizi zote ni za jamii ya afyuni na zikikutana na benzodiazepini zinazima pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani 2016 iliamuru onyo kubwa kabisa liwekwe kwenye boksi kwa ajili ya mchanganyiko huu. Nasisitiza tramado kwa sababu mtu anajua ni dawa ya mgongo tu, anaimeza shambani, alafu usiku anameza Valium alale. Na kwa ndugu zetu wanaochukua metadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, hapa hospitali ya rufaa Mbeya, usiguse kidonge cha kutuliza cha mtaani hata nusu, waambie wahudumu wa pale kama una wasiwasi au hulali, wana njia zao za kukusaidia.

Piriton, fenegani (nayo ni ya aleji), amitriptilini na fenobabitoni ya kifafa zinaongeza usingizi pia. Sio lazima zikatazwe ila daktari ajue zipo.

Natumia ARV. Au nipo kwenye dozi ya TB. Kuna tatizo?

Swali zuri mno, na kwa mikoa yetu hii linahusu watu wengi kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kama upo kwenye TLD, kile kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi wanatumia sasa, dolutegravir iliyomo haina ugomvi mkubwa na dawa hizi. Ila kama ulihamishwa ukawekwa kwenye dawa zenye ritonavir, yaani zile za atazanavir au lopinavir, hapo habari ni nyingine. Ritonavir inalizuia ini lisiivunje dawa, kwahiyo kidonge kimoja cha alprazolamu au diazepamu kinaweza kufanya kazi kama umemeza zaidi ya kimoja, na midazolamu ya kumeza hairuhusiwi kabisa kwa mtu wa ritonavir. Najua sio kila mtu anapenda kutaja ARV dirishani watu wamepanga foleni. Njoo na kadi yako, inyooshe tu, au omba tuongee pembeni. Hatutakusomea kwa sauti.

TB ni kinyume. Rifampisini inalifanya ini livunje dawa haraka sana, isoniazidi yenyewe inachelewesha, ila zikiwa pamoja kama zilivyo kwenye dozi, rifampisini ndo inashinda. Kwahiyo Valium inaonekana haifanyi kazi. Mtu anaongeza mwenyewe, leo viwili, kesho vitatu. Alafu miezi 6 inaisha, dozi ya TB inasimama, ndani ya wiki mbili hivi nguvu ya rifampisini kwenye ini inaisha na vile vidonge vitatu vinaanza kufanya kazi kama vitatu kweli. Hapo ndo mtu anakutwa hajitambui na ndugu wanasema mbona alikuwa anatumia siku zote. Ukimaliza TB na upo kwenye dawa ya kutuliza, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo kipimo kiangaliwe upya.

Zingine zinazofanya dawa ikae muda mrefu mwilini ni omeprazo ya vidonda vya tumbo (hasa kwa diazepamu), flukonazo ya fangasi, erithromaisini na simetidini. Taja kila unachomeza hata kama unaona hakina maana, na dawa za kienyeji pia.

Hii ni miligramu 0.5 tu, ile ya mwanzo ilikuwa 5. Si ni ndogo?

Hapana. Miligramu za dawa mbili tofauti hazilinganishwi hata siku moja. Alprazolamu ya 0.5 inakaribiana nguvu na diazepamu ya 10. Klonazepamu 0.5 hivohivo. Lorazepamu 1 hivohivo. Kuna mtu alibadilishiwa akapewa hiyo ya 0.5, akaona amepunjwa, akawa anameza vinne "ili ifike angalau mbili". Hesabu mwenyewe alikuwa amefika wapi. Ukibadilishiwa dawa, idadi ya vidonge ni ile iliyoandikwa kwenye bahasha na sio unayoikadiria.

Mama yangu ana miaka 74, halali, naweza kumpa nusu ya zangu?

Usimpe tafadhali. Mwili wa mzee unaiondoa dawa taratibu na ubongo wake unaisikia zaidi. Anaamka saa nane usiku kwenda choo cha nje, giza, ngazi za udongo zimelowa, miguu haina nguvu, anaanguka na nyonga inavunjika. Kwa umri ule nyonga kuvunjika kunaweza kuwa ndo mwisho wa kutembea kwake. Anaweza pia kuchanganyikiwa, akawa anaongea vitu visivyoeleweka, na watu mkadhani ni uzee au ni mambo ya ukoo. Miongozo mingi ya wazee inashauri dawa hizi ziepukwe. Mzee asiyelala mpeleke apimwe, mara nyingi unakuta ni maumivu ya magoti, au anaamka kukojoa kwa sababu ya sukari, au ana huzuni ya kufiwa ambayo hakuna aliyekaa naye wakaiongea.

Mjamzito au anayenyonyesha?

Asianze bila daktari, na kama alikuwa anatumia asiache ghafla bila daktari. Zikitumika miezi ya mwisho mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, ananyonya kwa shida, pumzi dhaifu, au siku za mwanzo akawa anatetemeka na kulia sana kwa sababu dawa imemwondokea. Kwenye maziwa inapita, diazepamu hasa inajazana kwa mtoto, anakuwa analala tu na uzito hauongezeki. Waambie kliniki.

Nani mwingine hatakiwi kabisa?

Mwenye tatizo kubwa la mapafu, mwenye kukoroma sana na pumzi inakatika usingizini, mwenye ugonjwa wa misuli kulegea unaoitwa mayastenia, na mwenye ini lililoharibika sana. Mtu aliyewahi kuwa na uraibu wa pombe au dawa, yeye anahitaji uangalizi wa karibu mno.

Ndugu yetu alipewa akawa mkali badala ya kutulia. Inakuwaje?

Inatokea kwa wachache, zaidi watoto na wazee. Badala ya kutulia anahangaika, anafoka, anaweza hata kupigana. Msimwongezee dozi mkidhani haijashika! Acheni kumpa na mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, na mkifika mseme wazi kwamba imeanza baada ya kidonge, ili iandikwe kwenye faili lake asipewe tena.

Natumia mwaka wa pili sasa. Je mimi ni teja? Naachaje?

Teja hapana, na naomba neno hilo usijiite. Uliandikiwa, ukafuata ulichoambiwa, mwili ukazoea. Kuzoea huko kunaweza kuanza ndani ya wiki chache tu, na kunampata mwalimu, mchungaji, mama wa nyumbani, yeyote. Mwaka 2020 ileile mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo lingine kwenye maboksi yote ya kundi hili kuhusu jambo hilihili.

Kinachotokea ni kwamba ubongo ukiona breki imekanyagwa kila siku, wenyewe unapunguza breki zake za ndani. Siku ukiitoa dawa ghafla unabaki huna breki yoyote. Kuanzia siku ya kwanza au ya pili kwa dawa za muda mfupi kama alprazolamu, au baada ya siku kadhaa kwa diazepamu, vinaanza: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutolala kabisa, sauti na mwanga kukuumiza, hofu kubwa kuliko ile iliyokupeleka hospitali mara ya kwanza. Wengine wanapata degedege. Wengine wanaona vitu ambavyo havipo. Inaweza kuua.

Sasa unajua ubaya ulipo? Mtu akipitia hayo anasema "unaona, ugonjwa wangu umerudi, siwezi kuishi bila hii dawa", anameza, anatulia ndani ya nusu saa, na anaamini kabisa ana ugonjwa wa maisha. Kumbe lile lilikuwa kuondokewa na dawa, na lina mwisho.

Namna ya kuacha ni kushuka pole pole na daktari. Wengi wanashushwa asilimia 5 mpaka 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 mpaka 4, ukiona vibaya unasimama hapohapo ulipo, hupandi, unasubiri mwili ukubali alafu unaendelea. Mara nyingi mtu wa alprazolamu anahamishiwa kwanza diazepamu kwa sababu inaondoka mwilini taratibu na vidonge vyake vya miligramu 2 vinakatika nusu vizuri. Kwa aliyetumia mwaka na zaidi inaweza kuchukua miezi mingi. Hiyo ni kawaida, asikuharakishe mtu.

Dada mmoja tuliyekuwa tunamhudumia alikuwa anakuja na daftari dogo la shule, kila siku kaandika kameza kiasi gani, kalala saa ngapi, na kando anaweka alama ya vema siku ambazo hakutetemeka. Alikuwa anatuonyesha zile vema kwa furaha sana, na daktari alikuwa analitumia daftari lile kuamua ashuke au asubiri. Nakushauri ufanye hivohivo.

Kitu kimoja cha kwetu huku: mtu anatoka kwenye maombi amejisikia amepona, anatupa vidonge vyote jioni hiyohiyo. Sipingi maombi, naomba pia mimi. Lakini mchungaji au shehe anayekupenda atakwambia umshukuru Mungu na ushuke taratibu na daktari, maana degedege la siku ya nne halichagui imani.

Kwa nini mnanidai cheti? Duka lingine wananipa tu.

Kwa sababu ni dawa ya cheti cha daktari, sheria inasema hivo na matumizi yanaandikwa kwenye rejista. Najua ukitoka Chunya au Kyela mpaka hapa, alafu ukaambiwa rudi ukaandikiwe, inauma, nauli imeenda. Lakini anayekupa tu hajakuuliza kama una ARV, kama una mimba, kama unaendesha. Na vile vya kufungiwa kwenye kipande cha nailoni bila stripu, huna hata namna ya kujua ni nini. Mama mmoja alinifungulia leso yake dirishani akaniuliza hiki kidonge cheupe ni cha kulala? Hakikuwa na maandishi yoyote. Hata mimi nisingeweza kumwambia.

Jirani pia asikugawie. Yeye ana nia njema, ila ini lake sio ini lako.

Mtu amemeza vingi, nifanye nini sasa hivi?

Mpeleke hospitali, hata kama anaongea. Usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe kahawa ili aamke. Kama amelala mlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke nje, na umwangalie anavyopumua muda wote, usimwache peke yake. Beba stripu tupu zote na chupa yoyote uliyoikuta karibu, daktari anahitaji kujua kama kuna pombe au tramado. Ipo dawa ya kuzimua inaitwa flumazenili lakini kwa mtu aliyezoea benzodiazepini inaweza kumletea degedege, kwahiyo hiyo ni kazi ya hospitali.

Kama alimeza kwa kutaka kujiua, msimgombeze. Mwambieni mnafurahi yupo. Na kama ni wewe unayesoma hapa na una mawazo hayo, mwambie mtu mmoja leo, na vidonge mpe mtu mwingine akutunzie. Hospitali ya rufaa hapa Mbeya wana kliniki ya afya ya akili, huko Iringa anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukiwa kijijini anza na zahanati watakuandikia barua.

Hakuna kingine zaidi ya hizi?

Kipo, na kwa wasiwasi wa muda mrefu hivo vingine ndo tiba yenyewe. Fluoksetini na sertralini hazina mazoea ya namna hii, ila zinataka uvumilivu, zinaanza kuonekana baada ya wiki 2 mpaka 6, na siku za mwanzo zinaweza kukuongezea kuhangaika kidogo, hapo ndo watu wengi wanakata tamaa mapema. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Wakati mwingine daktari anaweka benzodiazepini wiki mbili za mwanzo ili kukuvusha, alafu anaitoa. Hayo ni matumizi mazuri kabisa. Propranololi inasaidia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, ila mwenye pumu asiiguse.

Na kuongea na mshauri anayejua kazi yake, kwa vikao kadhaa, kunatibu kweli. Watu wanaona ni maneno tu. Mtu anafundishwa kukaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe, na akishajua inashuka yenyewe haiogopi tena.

Lakini kabla ya vyote hakikisha ni wasiwasi. Moyo kwenda mbio, jasho, kupungua uzito, inaweza kuwa tezi ya shingo. Inaweza kuwa upungufu wa damu. Inaweza kuwa sukari kushuka. Inaweza kuwa kahawa vikombe sita na kinywaji cha kuongeza nguvu juu yake, hili kwa madereva na wanafunzi wa vyuo nalikuta sana. Na "presha" ambayo inapanda ukiwa na hofu tu na ikipimwa umetulia ipo sawa, hiyo haihitaji Valium ya kila siku.

Vimebaki vidonge kumi, niviweke akiba?

Hapana, turudishie. Usivitupe chooni wala jalalani ambapo watoto wanaokota. Na wakati bado unavitumia vikae kwenye stripu yake na bahasha yake yenye jina lako, sehemu ya juu inayofungwa, sio kwenye pochi ambayo mjukuu anaichezea akitafuta pipi.